Klachi ya kirikuu imeisha? Zana za kuwa nazo kabla ya kuingia uvunguni

Mwanza. Dereva wa kirikuu anayebeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba anaijua dalili hii. Anakanyaga mafuta, injini inalia, lakini gari halipandi. Ndani kunanuka kitu kama kimeungua. Klachi imeisha, na hesabu ya bosi ya jioni haingoji.

Hapo kuna njia mbili: kulipeleka gari gereji, au kuingia uvunguni mwenyewe. Wanaochagua njia ya pili mara nyingi huanza kwa kuuliza spana gani wanunue. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: gari litashikiliwa na nini, na giaboksi itashushwa na nini.

Kubadili klachi si kazi ya kubadili plagi. Lazima giaboksi ishuke. Ni chuma kizito, kinashuka juu ya kifua cha mtu aliyelala chini ya gari. Kwa hiyo orodha ya zana inapangwa kwa kufuata hatari, si kwa kufuata mng'aro wa boksi la spana dukani.

Kwa ufupi

- Hela ya kwanza iende kwenye stendi na jeki, si kwenye seti kubwa ya spana.
- Kijiti cha kuweka pleti senta ni kidogo, lakini bila hicho giaboksi hairudi.
- Toki renchi inaweza kukodiwa. Stendi za kubeba gari zisibuniwe.
- Vumbi la klachi lisipulizwe kwa hewa.

Kwa nini klachi za Mwanza zinapata tabu

Klachi inaunganisha injini na giaboksi. Katikati kuna pleti yenye msuguano pande zote mbili. Inabanwa kati ya flaiwili, inayozunguka na injini, na presha pleti. Dereva akikanyaga pedeli, beringi inasukuma presha pleti, pleti inaachiwa na gia inaingia. Akiachia pedeli, pleti inabanwa tena na gari linavutwa.

Pleti haiishi sana ikiwa imebanwa kabisa au imeachiwa kabisa. Inaisha ikiwa katikati, inateleza na kuchemka. Ndicho kinachotokea dereva anaposimama mlimani huku amelishikilia gari kwa klachi badala ya breki.

Na Jiji la Miamba halina uhaba wa miinuko. Bugando, Isamilo, Kitangiri na Mabatini zote zinadai namba moja na mguu wenye subira. Ongeza mzigo wa magunia na foleni ya asubuhi, pleti inaanza kuhesabu siku zake.

Kwa miaka mingi madereva wa kuelekea Sengerema na Geita walikuwa pia na foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi, ya kusogea hatua kwa hatua. Tangu 19 Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 hivi, adha hiyo imepungua. Vilima vya mjini viko palepale.

Je, ni klachi kweli?

Kabla ya kununua chochote, kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni waya. Kirikuu nyingi hutumia waya kuvuta klachi, na pedeli inatakiwa iwe na mchezo kidogo kabla ya kuanza kuwa nzito. Waya ukikazwa kupita kiasi, klachi haibani kikamilifu na inateleza hata kama pleti bado nene. Hapo kazi inaweza kuishia kwenye spana moja na nati ya kuseti waya. Kwa Hiace, ambazo klachi yake husukumwa kwa mafuta, kuangaliwe kwanza kama mafuta hayavuji.

La pili ni jaribio la gia. Gari linasimama sehemu tambarare isiyo na watu mbele wala nyuma, hendibreki imevutwa hadi mwisho na mguu uko kwenye breki. Dereva anaweka gia ya tatu na kuachia klachi taratibu. Injini ikizima, klachi bado inashika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, inateleza. Jaribio hili ni la mara moja tu, kwa sababu lenyewe linachoma pleti.

Kelele inayosikika pedeli ikikanyagwa na kupotea ikiachiwa mara nyingi ni ya beringi ya klachi. Nayo haifikiwi mpaka giaboksi ishuke, kwa hiyo kazi ni ileile.

Si kila gari ni la kujaribia nyumbani

Magari ya otomatiki hayana pedeli ya klachi wala pleti hii, kwa hiyo wenye magari hayo hawahusiki hapa.

Yanayofaa zaidi kwa anayeanza ni yale ambayo injini inaelekea mbele na nyuma, giaboksi iko nyuma yake, na propela shafti inapeleka nguvu kwenye difu. Kirikuu ya kawaida iko hivyo. Hiace na Hilux nazo ziko hivyo, ila vyuma vyake ni vizito zaidi.

Gari linalovutwa na matairi ya mbele ni habari nyingine. Shafti za matairi lazima zitoke, na mara nyingi injini inabidi ishikiliwe kutoka juu. Kirikuu ya kuvuta matairi yote manne pia ina vyuma vya ziada kwenye giaboksi. Anayefanya kazi hii kwa mara ya kwanza afadhali asianzie huko.

1. Stendi za jeki na vigingi vya matairi

Hizi ndizo zana namba moja. Jeki ni ya kunyanyulia gari, si ya kulishikilia mtu akiwa chini. Sili ya mafuta ikichoka, jeki inashuka bila taarifa.

Kirikuu tupu ina uzito wa karibu kilo 700. Hiace inaweza kuzidi tani moja na nusu. Stendi nzuri imeandikwa uzito inaoweza kubeba, na inakaa kwenye sakafu ya zege au ardhi ngumu. Kwenye udongo laini inawekewa ubao mpana chini. Mzigo wote unashushwa garini kwanza.

Mwanza mawe ni ya bure, na jiwe zuri linafaa kuzuia tairi lisibiringike. Lakini jiwe lisibebe gari. Wala tofali. Tofali hupasuka ghafla, bila kutoa ishara.

Kuna mtego mwingine ambao wakazi wa milimani wanapaswa kuujua. Wengi wakipaki huacha gari kwenye gia ili lisiteremke. Propela shafti ikishatolewa, gia haishikilii tena chochote. Na kwa kuwa hendibreki ya magari haya hushika matairi ya nyuma, ukinyanyua nyuma nayo haina kazi. Kinachobaki ni vigingi kwenye matairi yaliyobaki chini. Kazi hii ifanyike sehemu tambarare, hata kama gari litabidi lisukumwe hadi uwanja wa jirani.

2. Jeki ya pili, ya giaboksi

Giaboksi ya gari dogo inaweza kufika kilo 30. Ya gari kubwa zaidi inaweza kukaribia mfuko wa saruji wa kilo 50. Kuishusha kwa mikono ukiwa umelala chali ni kuomba ajali.

Jeki ya chini yenye magurudumu, iliyowekewa kipande cha ubao juu na kufungwa mkanda, inatosha kwa kazi ya nyumbani. Faida yake ni kwamba giaboksi inaweza kurudishwa nyuma polepole ikiwa imenyooka, kisha ishushwe.

Kunyooka huko ni muhimu. Giaboksi ikiachwa ining'inie huku shafti yake ya mbele bado imo ndani ya pleti, uzito wote unaangukia pleti. Pleti mpya inaweza kupinda hata kabla haijatumika.

Zana nyingine hapa ni mtu wa pili. Mmoja anaongoza jeki, mwingine anaangalia nafasi inavyofunguka kati ya injini na giaboksi. Huyo wa pili pia ndiye atakayeita msaada mambo yakiharibika.

3. Soketi sita na mkono mrefu

Seti yenye vipande mia inavutia, lakini kwenye magari mengi ya Kijapani namba zinazofanya kazi kubwa ni chache: 10, 12, 14, 17 na 19. Soketi ya namba 8 ikiwepo, si mbaya. Zenye pembe sita hushika kichwa cha bolti vizuri kuliko zenye pembe kumi na mbili, hasa bolti ikiwa imeshalika.

Wanaoijua kazi hii hupenda ekstensheni ndefu kuliko soketi zenyewe. Bolti za juu zinazoshika giaboksi kwenye injini zimejificha. Ekstensheni mbili zikiunganishwa na jointi inayopinda, mtu anazifikia akiwa nyuma kabisa, karibu na mkia wa giaboksi.

Kwa bolti ngumu, mkono mrefu usio na racheti ndio unaoanza. Racheti ndogo ikivalishwa bomba ili kuongeza nguvu, meno yake ya ndani yanaweza kuvunjika.

Gari linalobeba samaki hudondokewa na maji ya barafu kutwa nzima, na bolti za chini hushika kutu. Spreyi ya kulegeza kutu ipigwe jioni, kazi ianze asubuhi. Usiku mmoja wa kusubiri unaweza kuokoa bolti isikatike.

4. Kijiti cha senta

Hiki ni kipande cha plastiki au chuma chenye umbo la shafti ya giaboksi, na baadhi ya seti za klachi huuzwa nacho.

Kazi yake ni moja. Presha pleti inapofungwa, pleti iliyo ndani inaweza kukaa upande. Ikikaa upande hata milimita chache, shafti ya giaboksi haitapita katikati yake hadi kwenye beringi ndogo iliyo nyuma ya injini. Mtu anaweza kusukuma giaboksi saa nzima bila kujua kwa nini haiingii.

Kijiti kinapita kwenye pleti na kuingia kwenye beringi hiyo ndogo, kinashikilia kila kitu katikati mpaka bolti zikazwe. Wasio nacho wanaweza kutumia shafti iliyotolewa kwenye giaboksi chakavu ya aina ileile. Hii inafaa kuliko kijiti chochote, mradi idadi ya meno ilingane.

Wapo wanaokadiria kwa macho. Fundi wa miaka mingi anaweza. Anayefanya kwa mara ya kwanza atalipia kwa jasho.

5. Bolti mbili zilizokatwa vichwa

Hii haiuzwi dukani, inatengenezwa. Bolti mbili ndefu zenye nyuzi sawa na zile za giaboksi zinakatwa vichwa, kisha zinafungwa kwa mkono kwenye injini, moja kila upande.

Giaboksi inaporudishwa, inatelezea juu ya bolti hizo kama kwenye reli. Haiyumbi, haishuki, na shafti inaelekea pleti moja kwa moja. Ikishakaa, zinatolewa na bolti halisi zinarudi mahali pake.

Kuna kosa linalovunja giaboksi nyingi: kuivuta iingie kwa kukaza bolti. Giaboksi iliyokaa sawa inafika kwenye injini kwa kusukumwa na mikono. Ikigoma, kuna kitu hakijakaa. Ukilazimisha kwa bolti, ganda la alumini linaweza kupasuka, na hapo gharama inapita ya klachi.

6. Toki renchi

Hii ni spana inayotoa mlio wa "tiki" nguvu iliyopangwa ikifikiwa. Wengi huiona ya kitajiri, lakini kwenye klachi ina sababu.

Presha pleti inatakiwa kukazwa sawasawa pande zote. Kwa Toyota nyingi bolti zake hukazwa kwa karibu nyutoni-mita 19, nguvu ambayo mkono wa mtu mzima huizidi bila kujua. Kipimo sahihi cha gari husika kimo kwenye kitabu chake cha ufundi.

Muhimu zaidi ni mtindo wa kukaza: kidogo kidogo, kwa kuvuka upande wa pili, kama nati za tairi. Wakati wa kufungua ni vivyo hivyo. Bolti moja ikikazwa hadi mwisho huku nyingine zimelegea, presha pleti inaweza kupinda.

Kwa anayefanya kazi hii mara moja kwa miaka kadhaa, si lazima ainunue. Kuanzia Nyakato hadi Igoma gereji si za kutafuta kwa tochi, na kuomba au kukodi kifaa kwa siku moja ni jambo linalozungumzika.

7. Vitu vya bei ndogo vinavyookoa siku

Simu. Picha za waya, mabomba na upande pleti ya zamani ilivyokaa zinapigwa kabla ya kugusa chochote. Pleti ikifungwa kinyume, kazi yote inarudiwa.

Tipeksi au chaki. Propela shafti inawekewa alama pale inapoungana na difu, ili irudi ilivyokuwa na isitetemeke mwendoni.

Boksi la karatasi. Mtu anachora umbo la giaboksi juu yake na kuchomeka kila bolti mahali inapotoka. Bolti hizi hazina urefu sawa, na ndefu ikiwekwa pa fupi inaweza kutoboa au kupasua.

Glavu ya mpira na rababendi. Propela shafti ikichomolewa, oili hutoka kwenye mkia wa giaboksi. Glavu inavalishwa pale na kufungwa, uwanja unabaki msafi.

Grisi na nondo fupi. Beringi ndogo ya nyuma ya injini ikigoma kutoka, shimo lake linajazwa grisi, kisha nondo inayolingana na shimo inapigwa kwa nyundo. Grisi inaisukuma beringi kutoka nyuma. Wapo wanaotumia mkate uliolowa kwa kazi hiyohiyo.

Msasa, kitambaa safi na spreyi ya kusafishia breki. Uso wa flaiwili na presha pleti mpya unafutwa hadi usiwe na mafuta. Kwenye meno ya shafti inapakwa grisi kidogo sana. Ikizidi, itarukia pleti na klachi mpya itateleza siku ya kwanza.

8. Barakoa na maji

Mtu akifungua klachi, hukuta vumbi jeusi. Mazoea ya gereji nyingi ni kulipuliza kwa kompresa. Hapo ndipo hatari ilipo.

Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Kwa macho, hakuna anayeweza kujua kama vumbi lililo mbele yake lina asbesto au la.

Njia salama ni kulilowesha kwa maji, kulifuta kwa kitambaa na kukitupa kitambaa hicho kikiwa kimefungwa. Barakoa nzito ivaliwe, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za familia.

Cha kubadili giaboksi ikishashuka

Kazi kubwa ni kushusha, si kubadili. Kwa hiyo pleti, presha pleti na beringi vinabadilishwa pamoja, hata kama kimoja kinaonekana kizima. Kubakiza beringi ya zamani ili kuokoa hela kidogo kunaweza kumrudisha mtu uvunguni baada ya miezi michache.

Flaiwili nayo ikaguliwe. Ikiwa na nyufa, mabaka ya bluu au mifereji, ipelekwe kwenye karakana ya kuchonga vyuma au ibadilishwe. Na kama kuna oili nyuma ya injini, sili ya hapo ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa sababu oili ikifika kwenye pleti hakuna klachi itakayodumu.

Wakati wa kumpigia fundi

Mtu anayefanya kwa mara ya kwanza ajipangie siku nzima, hata mbili. Kama kirikuu ndiyo inayolisha nyumba na hakuna siku ya kupoteza, gereji inaweza kuwa nafuu kuliko inavyoonekana.

Fundi aitwe pia kama hakuna stendi, hakuna mtu wa pili au hakuna sehemu tambarare. Hata hapo, maarifa haya hayapotei. Mwenye gari anayejua kijiti cha senta ni nini, na anayeomba arudishiwe pleti ya zamani aione, ni vigumu kudanganywa na fundi maiko.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, VETA ina mafunzo ya ufundi wa magari, na pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa waliojifunzia mtaani.

Klachi mpya ikishafungwa, waya unasetiwa upya na gia zote zinajaribiwa kabla gari halijashushwa kwenye stendi. Kisha kwa kilomita 500 hadi 800 za kwanza gari liendeshwe kwa upole, bila kuondoka kwa kishindo na bila kuzidisha mzigo. Na likisimama kwenye mlima wa Bugando, kazi ya kulishikilia iachiwe hendibreki.